Shingo Inayojipinda Yenyewe: Mwongozo Kamili wa Tiba ya Sindano za Botulini kwa Wagonjwa wa Tabora na Kigoma

Distonia ya shingo ni ugonjwa wa mfumo wa fahamu unaoifanya misuli ya shingo ikaze bila mwenyewe kutaka, hata kichwa kikageuka upande, kikainama, kikavutwa nyuma au kikawa kinatikisika muda wote. Tiba inayotegemewa zaidi duniani kwa ugonjwa huu ni sindano za sumu ya botulini, ambazo huchomwa ndani ya misuli ileile inayokaza. Sindano hizo haziondoi ugonjwa. Huulegeza msuli kwa takriban wiki 12, kisha nguvu yake huisha na mgonjwa huchomwa tena.

Hizo wiki 12 ndizo ambazo mgonjwa wa Urambo, Sikonge, Kasulu au Uvinza anapaswa kuzielewa kabla ya kukata tiketi, kwa sababu aliyeuza ng'ombe akidhani kwamba sindano ni ya mara moja atarudi nyumbani na nafuu ya miezi mitatu bila akiba ya safari ya pili. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata kalenda: yanayofanyika nyumbani kabla ya rufaa, siku yenyewe ya sindano, wiki mbili za mwanzo, miezi inayofuata na duru ya pili. Umeandikwa kwa ajili ya mgonjwa, ndugu anayemsindikiza na mhudumu wa afya wa ngazi ya chini anayeandika rufaa. Kuchoma kwenyewe ni kazi ya daktari aliyefunzwa, na hakuna hatua yoyote hapa inayomruhusu mtu mwingine kuijaribu.

Hatua ya kwanza: kuutambua ugonjwa

Ugonjwa huanza polepole, mara nyingi kati ya umri wa miaka 40 na 60, na huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Wanaomzunguka mgonjwa ndio huona kwanza, kwa kuwa kichwa huanza kwenda upande mmoja anaposali, anapotembea au anapoangalia televisheni, na yeye mwenyewe hahisi. Kadiri miezi inavyokwenda kuvuta huongezeka, bega hupanda na maumivu ya shingo huingia. Kwa wagonjwa wengi maumivu hayo huwa mzigo mzito kuliko kupinda kwenyewe. Nyumbani watakuwa wamekwisha kusema kwamba amelala vibaya, kwamba ni mizigo ya kichwani, au kwamba amechezewa. Wengi hufika hospitali wakiwa na chale shingoni, na mhudumu mwenye busara huziona na kuendelea na kazi yake bila kumwaibisha mtu.

Ipo alama moja ambayo ni nadra kuikuta kwenye ugonjwa mwingine. Mgonjwa akigusa kidevu, shavu au kisogo kwa ncha ya kidole, tena bila kusukuma, kichwa hurudi katikati na kutulia kwa muda. Mama anayezunguka sokoni akiwa ameshikilia upindo wa khanga shavuni muda wote, au mzee asiyekubali kukaa ila mahali penye ukuta wa kuegemeza kisogo, huenda amekwisha kuigundua hila hiyo mwenyewe. Ndugu wasimkataze wakidhani ni mazoea mabaya, na mhudumu aiandike kwenye rufaa, kwa maana mstari huo mmoja humsaidia mtaalamu kuliko ukurasa mzima wa malalamiko. Jambo jingine la kuuliza ni usingizi: mkazo wa distonia hupungua au huisha kabisa mtu anapolala, na huzidi anapochoka au anapokuwa na wasiwasi.

Kabla ya kukubali kwamba ni distonia, magonjwa ya hatari yaondolewe kwanza. Homa, kichwa kinachouma na shingo isiyoweza kuinama mbele ni dalili za homa ya uti wa mgongo, na hapo safari ni ya saa ile ile. Taya lililofungana, tumbo gumu na mwili mzima unaoshtuka kwa sauti au mwanga ni pepopunda, hasa kama kuna kidonda. Mtoto aliyeinamisha shingo ghafla, mwenye homa na anayetokwa na udenda kwa kushindwa kumeza, anaweza kuwa na jipu nyuma ya koo. Shingo iliyopinda pamoja na kukonda, jasho la usiku au udhaifu wa miguu huelekeza kwenye kifua kikuu cha mifupa ya uti wa mgongo. Aliyeanguka kutoka mwembeni au kwenye bodaboda asinyooshwe shingo na mtu yeyote hadi apigwe picha.

Hatua ya pili: kukagua dawa anazotumia

Hatua hii huchukua dakika kumi na inaweza kuokoa safari nzima. Zipo dawa zinazoweza kuikaza shingo ndani ya siku chache za kwanza za kuzitumia, hasa kwa vijana: metoklopramidi ya kuzuia kutapika, na dawa za magonjwa ya akili kama haloperidoli, klopromazini na flufenazini ya sindano. Kijana aliyetapika jana, akachomwa sindano zahanati, na leo shingo imegeukia begani huku macho yakipanda juu, hahitaji sumu ya botulini hata kidogo. Mkazo wa aina hiyo huondoka kwa dawa kama prometazini, benzeksoli au diazepamu zinazotolewa na mhudumu wa afya, mara nyingi ndani ya saa chache.

Dawa hizohizo za akili zikitumiwa kwa miezi au miaka zinaweza pia kuleta distonia ya kudumu, na hiyo hutibiwa kwa sindano kama nyingine. Mgonjwa asiache dawa ya akili kwa uamuzi wake mwenyewe. Achukue vichupa na pakiti zote za nyumbani, pamoja na dawa za kienyeji, aziweke kwenye mfuko mmoja na kwenda nazo kliniki.

Hatua ya tatu: daftari na video

Daktari anayechoma huchagua misuli kwa kutazama kichwa kinavyokwenda. Mgonjwa aliyesafiri usiku kucha, akafika amechoka na mwenye hofu, anaweza kuonyesha mkazo usiofanana na wa siku zake za kawaida, na mwingine kinyume chake hutulia kabisa mbele ya daktari. Kwa sababu hiyo video ya nyumbani ina thamani kubwa, na simu ya kawaida yenye kamera inatosha.

Mgonjwa akae kwenye kigoda kisicho na egemeo, mchana, mahali penye mwanga, huku shingo na mabega yakiwa wazi kadiri heshima inavyoruhusu. Mpigaji aiweke simu usawa wa kidevu, umbali wa hatua mbili. Mgonjwa afumbe macho na kukiachia kichwa kiende kinakotaka kwa nusu dakika bila kupambana nacho, kwa sababu akipambana, misuli inayovuta na inayozuia hukaza pamoja na daktari hawezi kuitofautisha. Kisha ageuze kichwa kulia, kushoto, juu na chini kadiri awezavyo, aonyeshe ile hila ya kidole, na atembee hatua kumi kwenda na kurudi. Irudiwe kutoka ubavuni na kutoka nyuma. Mpigaji asiongee wala asimcheke.

Kwenye daftari ziandikwe kwa wiki mbili: maumivu ya siku hiyo kwa alama kuanzia 0 hadi 10, kazi iliyoshindikana, na saa ambazo shingo ilitulia. Wataalamu hutumia kipimo maalumu kilichotungwa Toronto, chenye jumla ya alama 85, yaani 35 za ukali wa mkazo, 30 za ulemavu na 20 za maumivu. Daftari la nyumbani halichukui nafasi ya kipimo hicho, ila ndilo litakaloonyesha miezi miwili baadaye kama fedha ilitumika vizuri.

Hatua ya nne: rufaa, na simu kabla ya safari

Njia ya kawaida huanzia zahanati au kituo cha afya, hupitia hospitali ya wilaya, na hufika hospitali ya rufaa ya mkoa, ambayo kwa Tabora ni Kitete na kwa Kigoma ni Maweni. Hapo ndipo magonjwa mengine huondolewa na barua ya kwenda juu huandikwa. Madaktari bingwa wa mishipa ya fahamu ni wachache nchini, na wengi wao wako kwenye hospitali kubwa. Kwa wakazi wa magharibi, majina mawili yanayotajwa mara kwa mara ni Bugando ya Mwanza, hospitali ya kanda, na Muhimbili ya Dar es Salaam.

Kuwepo kwa daktari hakumaanishi kwamba dawa ipo siku hiyo. Dawa hii ni ghali, huharibika kwa joto, na mara nyingi huagizwa kwa ajili ya mgonjwa anayejulikana. Kwa hiyo simu ipigwe kabla ya safari na yaulizwe mambo manne: kama yupo daktari anayechoma misuli ya shingo, dawa ni ya aina gani, italetwa lini, na gharama yote kwa duru moja ni kiasi gani pamoja na kazi ya kuchoma. Mwenye bima aulize kama inahitajika idhini ya mapema, na apate jibu lililoandikwa. Jibu la mdomo la dirishani hupotea mara zamu inapobadilika.

Vipimo havihitaji kuwa vingi. Mtu mzima mwenye picha kamili ya distonia iliyoanza polepole anaweza kutambuliwa kwa macho na mikono ya daktari. Kwa aliyeanza kuugua kabla ya miaka 40, ni vyema kuuliza kuhusu ugonjwa wa Wilson, ambao hurundika shaba kwenye ini na ubongo, kwa sababu huo una tiba yake na ukicheleweshwa huharibu. Picha ya sumaku (MRI) ya ubongo au shingo huombwa pale kunapokuwa na udhaifu, ganzi, mwanzo wa ghafla au alama nyingine isiyoeleweka.

Bajeti ipigwe kwa mwaka. Duru moja kila wiki 12 ni mara nne kwa mwaka, ingawa wapo wanaokaa wiki 16 kabla ya kuhitaji nyingine. Kila duru ina dawa, kazi ya daktari, nauli za watu wawili, malazi na chakula. Mkulima wa tumbaku wa Urambo ambaye malipo yake huja baada ya masoko atafanya vizuri kuzungumza na daktari ili duru ya kwanza ianze pale ambapo ya pili nayo inaweza kulipiwa. Kwa maoni yangu, anayemudu duru moja tu kwa mwaka aichome kwa kusudi maalumu, kwa mfano kupata miezi ya mazoezi ya viungo bila maumivu, na aambiwe hivyo waziwazi tangu mwanzo.

Sumu hii ni kitu gani

Neno sumu huwaogofya watu, na si bila sababu. Hii ni kemikali inayotengenezwa na bakteria aitwaye Clostridium botulinum, na kwa uzito wake ni miongoni mwa sumu kali kuliko zote zinazojulikana. Daktari Mjerumani Justinus Kerner alieleza mwanzoni mwa miaka ya 1820 jinsi watu walivyopooza baada ya kula soseji zilizoharibika, na tayari akafikiri kwamba kiasi kidogo sana kingeweza kuwa dawa. Ilichukua zaidi ya karne na nusu kabla ya daktari wa macho Alan Scott wa San Francisco kuitumia kunyoosha macho yenye makengeza. Marekani iliidhinisha Botox, jina la kibiashara la dawa hii, kwa magonjwa ya macho mwaka 1989, na kwa distonia ya shingo mwaka 2000. Matumizi ya kuondoa mikunjo ya uso, ambayo ndiyo yaliyoipa jina mitandaoni, yaliidhinishwa huko baadaye, mwaka 2002.

Inavyofanya kazi ni rahisi kueleza. Ubongo unapoagiza msuli ukaze, ncha ya neva humwaga kemikali iitwayo asetilikolini juu ya msuli. Sumu ya botulini huingia kwenye ncha hiyo na kuikata protini inayohitajika ili kemikali imwagike. Ubongo huendelea kutuma amri zake zisizo na maana, lakini haziufikii msuli, kama maji yanayobaki ndani ya bomba baada ya koki kufungwa. Baada ya wiki kadhaa neva hujitengeneza upya na mkazo hurudi. Ndiyo sababu dawa ina mwisho, na ndiyo sababu pia madhara yake yana mwisho.

Kwa kuwa tunazungumzia Tabora, nchi ya asali, jambo moja la pembeni: mbegu za bakteria huyohuyo zinaweza kuwemo kwenye asali safi kabisa. Mtu mzima hazimdhuru, lakini mtoto aliye chini ya miezi 12 asilambishwe asali hata kidogo, kwa kuwa zinaweza kuota tumboni mwake na kumpooza.

Hatua ya tano: mambo ya kumwambia daktari kabla ya kuchomwa

Daktari ajulishwe kama mgonjwa ana ugonjwa unaodhoofisha misuli, hasa miasthenia, ambayo hujitokeza kwa kope kulegea na nguvu kwisha kadiri siku inavyokwenda. Ajulishwe pia kuhusu shida yoyote ya kumeza au kupumua iliyokuwepo tangu zamani, mzio wa dawa ya aina hii, mimba au unyonyeshaji, jipu au kidonda mahali pa kuchoma, na dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarini. Antibiotiki za kundi la jentamisini, zikiwemo streptomaisini na amikasini, huiongezea sumu hii nguvu. Aliyezitumia karibuni lazima aseme.

Mgonjwa asinunue kichupa mwenyewe mjini na kukisafirisha kwa basi, hata kama ameambiwa kwamba ni nafuu. Botox na Dysport, ambazo ni chapa mbili za dawa hii, huhifadhiwa kwenye jokofu, kati ya nyuzi 2 na 8. Chapa ya tatu, Xeomin, ikiwa haijafunguliwa huvumilia joto la chumba hadi nyuzi 25, lakini mchana wa Kigoma mara nyingi hupita hapo, na ndani ya basi lililosimama Kibondo hali huwa mbaya zaidi. Dawa iliyopata joto haibadiliki rangi. Kinachopotea ni nguvu yake, na mgonjwa hulipia maji ya chumvi bila kujua. Kichupa kitoke kwenye famasia ya hospitali, kikiwa kimesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Wachomaji wa urembo nao waepukwe kwa kazi hii, kwani kujua misuli ya paji la uso hakumfanyi mtu ajue kilichopo kati ya koo na mshipa mkuu wa shingo.

Hatua ya sita: siku ya sindano

Mgonjwa hahitaji kufunga. Avae shati la vifungo au gauni lenye shingo pana, anyoe nywele za kisogo kama ni ndefu, na awe na msindikizaji.

Unga wa dawa, ambao huonekana kama ukungu mkavu kwenye kitako cha kichupa, huchanganywa na maji ya chumvi ya asilimia 0.9 yasiyo na kihifadhi. Kichupa kisicho na kasoro huwa na ombwe ndani, yaani utupu usio na hewa: sindano ikitoboa kizibo, maji huvutwa yenyewe bila kusukumwa. Yasipovutwa, kichupa hicho hakitumiki. Daktari hukizungusha polepole bila kukitikisa, na dawa iliyochanganywa hutumiwa ndani ya saa 24 ikiwa kwenye jokofu.

Kiasi hupimwa kwa yuniti, na hapa mgonjwa awe macho, kwa sababu yuniti za kampuni moja si sawa na za nyingine. Kwa Botox, jumla ya duru kwa kawaida huwa kati ya yuniti 100 na 300, na anayeanza hupewa kiasi cha chini. Kwa Dysport, kianzio cha kawaida ni yuniti 500. Kwa Xeomin, mara nyingi ni 120. Anayemwambia mwenzake kwamba yeye alichomwa 500 huku wewe ukichomwa 200 tu hajasema lolote mpaka ataje jina la dawa. Hata kipimo cha maji hakisemi kitu chenyewe: kichupa cha yuniti 100 kilichochanganywa na mililita 2 hutoa yuniti 5 kwa kila mililita 0.1, na kilichochanganywa na mililita 1 hutoa yuniti 10 kwa kipimo kilekile.

Kuchagua misuli ndiyo roho ya tiba yote. Msuli mkubwa wa mbele, unaotoka nyuma ya sikio hadi kwenye kidari na mtulinga, hukigeuza kichwa kwenda upande wa pili. Kwa hiyo kichwa kikigeukia kulia, msuli wa mbele unaovuta ni wa kushoto, na hushirikiana na msuli wa nyuma ya shingo wa upande wa kulia. Mgonjwa asishangae akichomwa upande ambao hakuutarajia. Kichwa kilicholalia begani huhusisha misuli ya upande uleule, pamoja na ile inayolinyanyua bega. Kichwa kinachovutwa nyuma huhusisha misuli ya kisogo pande zote mbili. Kinachoinama mbele ndicho kigumu kuliko vyote, kwa kuwa misuli yake iko ndani, karibu na koo, na hatari ya kushindwa kumeza ni kubwa. Ule msuli wa mbele hauzidishiwi yuniti 100 za Botox kwa jumla ya pande zote mbili, na mwenye shingo nyembamba hupewa chini ya hapo.

Sindano ni nyembamba, na maumivu ni ya kuvumilika. Madaktari wengine huongozwa na mashine ya elektromiografia, inayotoa sauti ya mikwaruzo pale ncha ya sindano inapokuwa ndani ya msuli unaokaza, au hutumia altrasaundi. Vifaa hivyo husaidia zaidi kwenye misuli ya ndani na kwa mgonjwa ambaye duru ya kwanza haikumfaa.

Kabla ya kuondoka, mgonjwa aombe karatasi yenye tarehe, jina la dawa, namba ya toleo la kichupa, jumla ya yuniti, misuli iliyochomwa na yuniti za kila msuli. Akinyimwa, aombe tena kwa upole. Bila karatasi hiyo, daktari wa duru ya pili ataanza upya kwa kubahatisha.

Hatua ya saba: wiki mbili za mwanzo

Siku ya kwanza mahali palipochomwa pasikandwe wala kusuguliwa. Kazi nyepesi zinaruhusiwa. Siku mbili tatu za mwanzo huenda hakuna kitakachobadilika, na ndugu wataanza kunong'ona kwamba fedha imeliwa. Nafuu huanza kuonekana kwa kawaida ndani ya wiki mbili, na hufika kilele karibu na wiki ya sita.

Mtu anaweza kuhisi mwili kama wenye mafua, kinywa kikavu, au shingo iliyolegea kiasi cha kukiona kichwa kizito. Dhara linalohitaji uangalifu ni ugumu wa kumeza, unaoanza mara nyingi ndani ya wiki mbili za kwanza na kudumu wiki mbili tatu, kwa baadhi ya watu zaidi. Katika kipindi hicho ugali mgumu wa muhogo, dagaa wakavu na mgebuka wenye miiba viwekwe kando. Uji mzito, viazi vitamu vilivyopondwa, maharage yaliyopondeka na mlenda hupita vizuri. Maji matupu humpalia mtu upesi kuliko uji, kwa hiyo yanywewe kwa funda ndogo, akiwa amekaa wima na kidevu kimeinama kuelekea kifuani. Asiongee akiwa na chakula mdomoni, na asilale mara baada ya kula.

Kupaliwa kila anapokula, sauti kufifia au kukwaruza, kope kushuka, kuona vitu viwili viwili, udhaifu wa mwili mzima, na zaidi ya yote kupumua kwa shida, ni dalili kwamba sumu imeenea mbali na ilipochomwa. Zinaweza kutokea saa chache au hata wiki kadhaa baada ya sindano. Mgonjwa apelekwe hospitali yenye oksijeni, si zahanati ya jirani, na sentensi ya kwanza ya msindikizaji iwe kwamba mtu huyu alichomwa sumu ya botulini shingoni tarehe fulani. Karatasi ile ionyeshwe. Mhudumu asiyeambiwa anaweza kudhani ni nimonia na kuanzisha jentamisini, ambayo ndiyo dawa isiyotakiwa hapo.

Hatua ya nane: kuitumia miezi ya nafuu

Msuli uliokuwa umekaza kwa miaka umefupika, na wa upande wa pili umedhoofika kwa kunyooshwa muda wote. Sindano huufungua tu mlango. Mtaalamu wa fiziotherapia wa hospitali ya mkoa anaweza kumpa mgonjwa mazoezi ya nyumbani: kugeuza kichwa polepole kuelekea upande uliokuwa umeshindikana, kukishikilia hapo bila kulazimisha, na kujizoeza kukiweka katikati mbele ya kioo. Kitambaa cha maji ya moto hupunguza maumivu. Anayekunja na kuvunja shingo kwa nguvu, awe kinyozi au mkandaji, asipewe shingo hii kamwe. Kubeba ndoo kichwani kusimamishwe, hasa katika wiki ambazo misuli imelegea.

Daftari liendelee. Siku nafuu ilipoanza, siku ilipokuwa bora, siku maumivu yalipoanza kurudi: tarehe hizo tatu, pamoja na video mpya ya wiki ya sita, ndizo daktari atakazohitaji.

Hatua ya tisa: duru ya pili, na pale tiba inapokataa

Duru ya kwanza mara nyingi ni ya kupima, na nafuu yake inaweza kuwa nusu tu. Daktari hutazama msuli upi ulilegea na upi ulibaki, kisha huongeza hapa na kupunguza pale. Tiba isihukumiwe kabla ya duru mbili au tatu.

Mgonjwa asiombe nyongeza kabla ya wiki 12, hata kama maumivu yamerudi wiki ya tisa. Kuchoma mara kwa mara na kwa kiasi kikubwa kunaweza kuufundisha mwili kutengeneza kinga dhidi ya dawa, na kinga hiyo ikishajengeka sindano za aina hiyo hazifanyi kazi tena. Kwa wiki za kusubiri zipo dawa za vidonge kama benzeksoli, klonazepamu na baklofeni, ambazo humsaidia kiasi huyu na kumsinzisha yule. Wazee huchanganyikiwa upesi kwa benzeksoli, kwa hiyo zitumiwe kwa maelekezo ya daktari.

Sindano zisipofanya kazi kabisa, sababu ya kwanza kutafutwa ni ya kawaida: dawa iliyopata joto, msuli usio wenyewe, kiasi kidogo. Zikiondolewa hizo, kinga inaweza kupimwa kwa njia rahisi, kwa kuchoma kiasi kidogo upande mmoja wa paji la uso. Baada ya wiki mbili mgonjwa aombwe kunyanyua nyusi. Upande uliochomwa ukikunjamana sawa na wa pili, mwili wake unaikataa dawa. Kwa mgonjwa wa namna hiyo ipo sumu ya botulini ya aina B, na upo upasuaji wa kuweka waya za umeme ndani ya ubongo, ambao ni mzito na ghali na huamuliwa na jopo la wataalamu.

Kinachowatokea wengi ni kingine kabisa: duru inapita kwa sababu nauli haikupatikana, mvua imekata barabara, au dawa haikuletwa. Hilo likitokea, shingo hurudi polepole ilivyokuwa kabla ya sindano, bila madhara ya kuacha dawa ghafla. Wiki 12 ni muda wa chini kabisa kati ya sindano na sindano, na anayechelewa miezi miwili au mwaka mzima anaweza kuanza tena. Apige simu kliniki, aseme tarehe ya sindano ya mwisho, arekodi video mpya kabla ya kuondoka nyumbani, na aende na karatasi ile ya yuniti.